Kidirisha cha Chumbani kwa Mama Futi

Fundi anayekataa chai mimi namtilia shaka. Yule fundi wa mashine ya joto alifanya kazi nyumbani kwetu siku sita. Siku tatu za mwanzo alikunywa chai vikombe viwili viwili, akasifu sukari, akasifu maziwa, nusura asifu na kikombe chenyewe. Siku ya nne nikampelekea ya kwake, akaitazama kama nimemtilia sumu. "Asante mama, nimeshiba," akasema. Ameshiba nini, saa nne asubuhi? Nikarudi jikoni najisemea kimoyomoyo, huyu kuna kitu amekifanya.

Nikamweleza mama mkwe wangu. Wala hakushtuka.

"Mimi sikumwamini tangu siku aliyoingia," akasema, huku anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Anapima chumba kwa macho. Mtu mzima, ana futi mfukoni, anapima kwa macho!"

Mama mkwe wangu mtaa mzima wanamwita Mama Futi, kwa sababu ya futikamba inayoning'inia shingoni mwake tangu anapoamka mpaka anapokwenda kulala. Ameshona sare za shule miaka arobaini. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu waliwahi kusimama mbele yake wakiwa watoto, mikono juu, wakipimwa kifua na kuambiwa waache kucheka. Kitu ambacho hajakigeuza akaona ndani yake, kwake bado hakijawa kitu. Siku nilipoletwa kutambulishwa, nimevaa gauni la kuazima na viatu vinavyonibana, alinikumbatia, akanikaribisha vizuri, na kabla sijakaa sawasawa alikuwa keshashika pindo la gauni langu na kulifunua. "Aliyeshona hili alikuwa na haraka zake," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Leo ni mwaka wa kumi na mbili tunaishi nyumba moja, tumegombana mpaka tumechoka, na nampenda mama yule kuliko ninavyopenda kukiri.

Mume wangu yeye ana ugonjwa mmoja tu: sebule. Kochi lisisogezwe, zulia lisikanyagwe na viatu, ukuta usipigwe msumari. Msimu wa baridi wa mwaka jana ulipotutesa, mpaka tukawa tunakula tumejifunika mablanketi, nilimwambia anunue mashine ya joto kama wenzetu. Alikwenda kwa jirani, akaiona yao imebandikwa ukutani, akarudi amekunja uso. "Lile dude likae juu ya kochi langu? Thubutu!"

Akatafuta mpaka akapata ile ya kujificha. Mashine moja inakaa nje nyuma ya nyumba, inavuta joto kutoka kwenye hewa hiyo hiyo ya baridi, msiniulize kivipi. Nyingine imelala juu ya dari. Kutoka pale yanatoka mabomba mapana ya hewa, yanapita darini kimya kimya kwenda kila chumba, na kinachoonekana ni kidirisha chembamba cheupe, chenye mbavu mbavu, ambacho usipoonyeshwa hutakiona. "Mgeni ataingia, atasikia joto, na hataona kitu," mume wangu alikuwa anasema, tena na tena, mpaka nikawa namalizia mimi.

Mashine ilipowashwa, jamani, raha! Chumbani kwetu nililala bila soksi. Watoto walivua masweta wakayatupa, sikuwafokea. Nikasema moyoni, hata kama fundi ana siri zake, kazi ameiweza.

Siku ya tatu Mama Futi alikuja mezani asubuhi amevaa masweta mawili na skafu kichwani.

"Chumbani kwangu hakuna kitu," akasema.

Chumba chake kiko nyuma ya sebule. Kiliongezwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa, hakina dari, juu yake ni zege tupu. Cherehani yake iko mle, chini ya dirisha linalopata jua la mchana. Kidirisha cha hewa alikuwa nacho kama sisi wote, juu kabisa ukutani, juu ya kabati. Mume wangu aliinuka na chai yake, akaenda, akapanda kiti, akanyoosha mkono.

"Inatoka, Mama," akasema. "Ni hewa ya taratibu. Haipigi kelele."

"Kwangu hiyo taratibu imezidi," Mama akamjibu.

Tulicheka. Mimi nami nilicheka, na kwa uvivu wangu sikupanda kiti.

Mama hakuacha. Kila asubuhi ni wimbo ule ule: hakuna kitu. Basi mume wangu akamwita fundi. Fundi alikuja saa saba mchana, jua limejaa chumba kizima, akatoa kipimajoto chake akakishikilia katikati ya chumba. Namba ikapanda. Akatuonyesha sote, isipokuwa Mama; kwa Mama hakugeuka hata mara moja, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Hilo ni jua," Mama akasema. "Njoo saa kumi na mbili asubuhi upime."

"Iko sawa, mama. Kila kitu kiko sawa," fundi akasema, na chai tena akaikataa.

Nikawa na hakika kwamba huyu mtu ametuibia. Labda ameweka bomba jembamba, labda limetoboka, labda limejikunja huko juu. Nikamwambia mume wangu jioni ile ile: mwite fundi mwingine aje aangalie. Akaniambia niache kumchukulia kila mtu mwizi, nimeanza kufanana na mama yake. Na shaka zangu, kwa kuwa sikuwa na pa kuzipeleka, zikamhamia Mama.

Najua inavyosikika. Lakini nilifikiri: kipimajoto kimesema, mume wangu ameweka mkono amesema, aliyebaki anayekataa ni mmoja. Halafu wifi yangu alipokuja, ndiyo akaharibu kabisa. Wifi anafanya kazi mapokezi hospitalini, na mtu akikaa sana karibu na madaktari na yeye huona ameshakuwa daktari.

"Wifi, hizo ni dalili," akaninong'oneza jikoni. "Kusikia baridi kwenye joto. Kurudia maneno. Kushuku watu. Mwezi uliopita si aliniita kwa jina lako?"

"Hata mimi nawaita watoto wangu kwa majina ya mbwa wa jirani."

"Wewe tania tu. Siku ataacha pasi ya moto juu ya kitambaa."

Pasi aliwahi kuiacha. Mara moja, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilikaa kimya, na wifi akauona ukimya wangu.

Mambo yakaenda mbio. Wifi akapanga Alhamisi Mama akapimwe kumbukumbu, na wakikuta tatizo, kuna nyumba ya kulelea wazee anayoijua, safi, ina bustani, wanawaangalia vizuri. Niliuliza kuhusu cherehani. Wifi akasema pale sindano haziruhusiwi. Mume wangu alikuwa anatazama zulia lake. Nilimngoja aseme hapana, Mama hatoki hapa. Alisema, "Tusubiri madaktari waseme."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakufoka, hakulia, na mimi ningependa zaidi angefoka. Alisema, "Alhamisi saa ngapi?" Wifi akamwambia saa tatu. Akageuka akaenda zake, na siku mbili zile cherehani haikulia.

Aibu yangu naisema mwenyewe: siku zile mbili nilikuwa namchunguza. Akisahau miwani, naandika kichwani. Akiniuliza kitu mara ya pili, naandika. Nilimwangalia mama wa watu anamenya viazi nikawa natafuta ugonjwa kwenye maganda.

Jumatano nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, mume wangu yuko nyuma yangu, na wifi tulimkuta keshafika na begi la kumpakia Mama nguo, eti tu kama litahitajika. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkono mdomoni.

"Sasa mmeamini?" akasema.

Juu ya kidirisha cha sebule kulikuwa na utepe mwekundu. Kitambaa cha bitana, chepesi, kimekatwa vizuri, kimebanwa kwa pini. Nikaenda chumbani kwetu, utepe. Kwa watoto, utepe. Jikoni, utepe. Nyumba nzima ilikuwa imepambwa, na Mama Futi ameketi sebuleni juu ya kochi la mwanawe, na viatu vyake, mkasi mapajani.

"Mama, umefanya nini?" wifi akamuuliza kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto.

"Nimekata tepe tano," Mama akasema. "Zote inchi kumi. Zipimeni."

Wifi alinitazama kwa huruma. Lakini mimi nilikuwa natazama ule utepe wa sebuleni. Ulikuwa unacheza, unainuka kidogo, unashuka, unainuka. Nikakumbuka wa chumbani kwetu nao ulikuwa unacheza, na wa watoto, na wa jikoni. Nikaenda chumbani kwa Mama peke yangu.

Utepe wa mle ulikuwa umenyooka. Nilisubiri. Nilifunga mlango nikasubiri tena, nimeshika pumzi. Ule utepe haukutikisika hata uzi.

"Leteni kiti," nikaita. "Na bisibisi!"

"Ngoja nimpigie fundi," mume wangu akasema kwa nyuma. "Usiguse, utaharibu. Kuna dhamana."

Kitu kilinigonga moyoni. Si maneno, ni jinsi alivyoyasema upesi. Nikageuka nikamwangalia mume wangu vizuri. Alikuwa ameloa jasho, na chumba kile kilikuwa baridi.

Mama alinipita. Bisibisi alikuwa nayo tangu mwanzo kwenye mfuko wa aproni. Akapanda kiti, mimi nikamshika kiuno, akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akanipa zote mkononi moja moja. Kisha akakitoa kile kidirisha.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Hakuna bomba, hakuna tundu, hata alama ya nyundo hakuna. Ukuta mzima, umepakwa rangi yetu ile ile ya miaka yote.

"Mfuko wa uongo," Mama akasema polepole. "Hata mimi nimewahi kuushona, kwenye makoti ya bei rahisi. Unaweka kifuniko, ndani hakuna kitu."

"Yule mshenzi!" wifi akapayuka. "Yule fundi namshtaki!"

"Fundi aliona haya hata kunywa chai yetu," Mama akasema. "Mwache."

Akashuka. Akaketi kwenye kiti kile kile, kidirisha mapajani, akamwangalia mwanawe. Nasi tukamwangalia.

"Fundi alisema darini hakuna njia ya kufika huku," mume wangu akaanza. "Alisema lazima litengenezwe kasha la jipsamu la kupitishia bomba, likatize sebule nzima, pale juu, kila mtu analiona. Nikaona sebule itaharibika. Nikamwambia aweke tu hicho, joto la sebuleni litaingia kwa mlango. Nilidhani litatosha, Mama. Wallahi nilidhani litatosha."

"Ukapanda kiti hapa," nikamwambia. "Ukaweka mkono. Ukasema inatoka!"

"Ningesemaje sasa?"

"Na Alhamisi? Ungemwacha aende?" Nilikuwa napiga kelele, majirani walisikia, na wasikie. "Ungemwacha mama yako aitwe mwehu kwa ajili ya kasha la jipsamu?"

Wifi alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa lile begi. Akapiga magoti mbele ya Mama, akamshika mikono, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, Mama. Huna ugonjwa wowote. Umesikia? Kesho hatuendi popote. Wewe ni mzima kabisa."

"Nimesikia," Mama akasema.

"Basi furahi kidogo."

Mama alikuwa bado anamwangalia mwanawe. Hakuwa na hasira. Niliitafuta hasira usoni mwake nikaikosa.

"Nilijua ni mojawapo kati ya mawili," akamwambia. "Ama akili yangu imeharibika, ama mwanangu ananidanganya. Siku mbili hizi nimemwomba Mungu iwe akili."

Mume wangu alitoka akaenda kukaa kwenye kochi lake. Nilikuwa na matusi ya kumtosha mwaka mzima, nimeshayapanga mdomoni, na hakuna hata moja lililotoka. Nikaingia chumbani kwetu, nikatoa shuka zetu, nikatandika za Mama, na blanketi lake, na mto wake ule mgumu anaoupenda. Wifi akaja akashika ncha ya pili ya shuka bila kusema neno. Tulipomaliza tukaenda kuibeba cherehani, mmoja huku mmoja huku, tukapita nayo katikati ya sebule, juu ya zulia, na viatu vyetu.

"Na mimi nitalala wapi?" mume wangu akauliza.

Tukampita. Cherehani ilikuwa nzito.