Paipu ya Gunvor

Gunvor Hedlund aliendesha basi la wanafunzi katika mji wa baridi wa Hagfors, na Jumapili za kiangazi alikuwa mkimbiza magari. Msicheke. Folkrace ni mchezo wa watu wa kawaida: unachukua skrepa, gari bovu la kutupwa, unaichonga mwenyewe, mnatimuliana vumbi. Ila kuna sharti. Mbio zikiisha, yeyote aliyelitamani gari lako anatumbukiza jina lake kwenye kopo lako, na jina lake likiokotwa unamuuzia kwa bei ileile ya wote, upende usipende. Ukikataa, unafungiwa.

Kopo la Gunvor, miaka nenda rudi, lilikuwa tupu, na wenzake wakamcheka. Lilimuuma sana, ingawa hakumwambia mtu. Na sasa bega! Aliteleza kwenye barafu, na tangu hapo kukata kona kwa usukani mgumu kulimtoa machozi. Akajiapiza: akipata usukani mwepesi ataendelea, akikosa, basi, mbio kwaheri.

Akafunga pampu ya usukani kutoka gari jingine. Paipu yake haikufika, kwa kuwa injini aliyoipachika haikuwa ya gari lile. Akanunua mpira uliosukiwa nyaya za kung'aa, akaukaza kwa klipu. Ulipendeza kweli! Akawasha gari, akazungusha usukani mpaka mwisho. Pwaa! Oili ikaruka hadi kwenye mashuka ya jirani.

Akaupeleka mpira ule kwa Evert Norlin, fundi mwenye duka la mipira ya kupitishia oili kwenye matrekta, ambaye naye alikuwa mkimbiza magari.

"Dada Gunvor," Evert akasema, ameuning'iniza kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, "huu ni wa petroli. Pampu ya usukani inasukuma kwa nguvu nyingine kabisa."

"Waliniambia ni imara."

"Imara kwa macho. Na klipu hizi! Unamwagilia bustani?"

"Acha kunisimanga, nipe wa kweli."

Akamtolea mpira mweusi, hauna urembo, matabaka mawili ya waya ndani, shinikizo unalostahimili limeandikwa ubavuni. Kwa ncha, Evert akachagua kiungio kilichonyooka. Gunvor akakataa.

"Hicho kitalaza mpira juu ya ekzosi, uungue. Nataka kilichopinda."

"Kilichonyooka kinatosha."

"Kwenye trekta lako, labda."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, na kilichopinda kikashinda. Gunvor akakijaribu kwenye pampu kwa mkono mtupu, meno yakaingia bila kulazimishwa. Evert akazibana ncha kwa mashine, akauacha mpira na ulegevu kidogo kwa sababu injini hutikisika. Gunvor akauvisha soksi ya kuzuia joto.

"Unatia vitu vizuri kwenye skrepa," Evert akamwonya. "Litachukuliwa."

"Gari langu? Nani amewahi kulitaka?"

Evert akachukua kitambaa. Akafuta mikono.

Jumapili iliyofuata Gunvor alikata kona za changarawe kama anageuza kijiko kikombeni, na bega halikusema kitu. Akaingia fainali, akamaliza wa tatu, mbele ya Evert mwenyewe. Alipiga vigelegele peke yake ndani ya helmeti.

Kisha yakaja makopo. Msimamizi akalitikisa la Gunvor, likachakacha. Gunvor akadhani ni la mwenzake. Likapinduliwa, karatasi zikamwagika mezani hadi nyingine zikaanguka chini. Moja ikaokotwa, ikasomwa kwa sauti: Evert Norlin.

"Mshenzi wewe!" Gunvor akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Kumbe ulikuwa unajitengenezea paipu yako!"

"Nilikuonya, dada. Na mimi si peke yangu, tazama hapo chini."

Alitazama. Aliinama, akaziokota moja moja, akasoma majina yote, la kwanza mpaka la mwisho. Watu waliomcheka miaka yote walikuwamo humo. Akampa Evert ufunguo.

"Kesho fungua duka mapema," akamwambia. "Nyumbani nina skrepa nyingine, nayo inataka paipu. Na safari hii usiweke jina lako."

"Nitaliweka."

"Haya, liweke," Gunvor akasema, akaenda kununua soseji.