Mkoba Uliotoka Kegonga

Nilifunga safari ya Homa Bay kwa sababu ya barua isiyo na muhuri. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, ikisema kwamba kliniki moja ndogo upande wa ziwani inatafuta muuguzi mmoja, na mwenye nia afike Alhamisi saa tatu asubuhi akiwa na cheti chake halisi. Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Kwa nini halisi? Nakala ina kasoro gani?

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi. Waliotutangulia chuoni walimaliza mtihani wakakuta barua za kazi zinawangoja. Sisi tulimaliza, tukapewa mkono wa pongezi, tukarudi nyumbani kuchuma tumbaku. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika, majirani wakiniita Sista na kuniletea watoto wenye homa, nami vidole vimeganda utomvu mpaka kwenye kucha. Wajanja nao walikuwa wametunusa. Mjini Migori alitokea bwana mmoja mwenye koti la kahawia, akajidai ana ndugu makao makuu ya wizara, akakusanya vyeti vya wenzetu eti akasukume faili, kisha akatoweka navyo. Tulisikia vimeuzwa, na kwamba mahali fulani kuna watu wanadunga sindano kwa majina ya watu wengine. Ndiyo maana sikumwamini mtu, wala sioni haya kusema hivyo.

"Boke," mama aliniambia, "hicho cheti ndicho ng'ombe wako wote. Usikiache mkononi mwa mtu. Hata ukienda msalani, nenda nacho."

Nilikitia ndani ya karatasi ya nailoni, nikakiweka kwenye mkoba wangu mweusi ambao zipu yake ilikuwa imekufa, nikaufunga kwa pini tatu za nepi.

Jumatano alfajiri niliondoka Kegonga kwa lori la tumbaku, nimeketi mbele karibu na dereva. Aliniambia niuweke mkoba nyuma ya kiti ili ninyooshe miguu.

"Uko sawa hapa," nikasema.

"Dada, umebeba dhahabu nini?"

Nilijiuliza kwa nini anataka kujua nilichobeba. Niliuweka mkoba sakafuni katikati ya miguu yangu, mahali ambapo mbuzi wa mtu alikuwa amesafiri jana yake na kuacha alama zake, nikaubana kwa magoti mpaka Migori.

Pale Migori sikukaa. Kila mwanamume mwenye koti nililiona koti lake la kahawia, hata waliovaa la kijivu. Basi la Rongo lilikuwa limesimama kando ya soko, nikaketi chini kwenye gunia la mihogo kungoja lijae, mkoba nimeulaza pajani, kisha pajani pakachoka nikaulaza mavumbini na kuikanyaga kamba yake.

Saa sita mchana niliteremka Rongo. Njiani nilikuwa nimepanga ujanja wangu: nitatoa nakala, niionyeshe hiyo kwanza, na halisi nisiitoe mpaka niwajue ni watu wa namna gani. Mashine ya kunakili ilikuwa dukani kwa Mzee Abdi, mfanyabiashara mwenye kofia nyeupe na ndevu za hina, nayo aliiweka nyuma ya pazia.

"Leta karatasi, mama. Ni dakika moja."

"Nitaingia nayo."

"Huko ndani nalala. Kuna godoro na sufuria."

"Godoro sitalitazama, mzee. Lakini cheti hiki hakipiti pazia bila mimi."

"Wallahi," akasema, "hata watu wa ushuru hawanichungi hivi. Ingia."

Niliingia, nikaubwaga mkoba sakafuni penye unyevu wa mafuta ya taa, na mwanga wa mashine ulipopita nilikuwa bado nimeshika ukingo wa cheti. Nakala ikatoka na vidole vyangu vinne vyeusi juu ya jina la chuo. Mzee Abdi alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu niligeuka nikamkuta mwanamke mwenye sweta ya buluu ameliinua pazia, shingo ameinyoosha, anasoma jina langu.

"Kumbe sista!" akasema. "Mimi naitwa Atieno. Na mimi ni nesi. Unaenda Homa Bay kwa ile kazi ya kesho?"

Nilikigeuza cheti kifudifudi. "Nani amekwambia?"

"Si hiyo barua naiona inachungulia hapo mkobani. Niko na yangu pia. Hiyo namba yako ya rejista inaanza na ngapi?"

Sasa niambie, msomaji: mtu wa heri anauliza namba yako ya rejista kabla hajakuuliza habari za nyumbani? Kazi ilikuwa ya mtu mmoja, nasi tulikuwa wawili. Garini nilichagua kiti cha nyuma yake ili nimwone yeye na asinione mimi.

Saa kumi tulifika Homa Bay. Omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kando ya njia, na upepo wa ziwani ukiwaleta hadi puani. Sikuwa na mwenyeji. Atieno aliliona hilo usoni mwangu.

"Twende kwa waya," akasema, akimaanisha shangazi yake. "Utalala wapi na wewe ni mgeni?"

Nilikubali kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Shangazi huyo, Mama Akeyo, alikuwa mchuuzi wa samaki, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya soko. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, wendo, mgeni wetu! Mzigo weka pale kitandani, upumzike."

"Nitakaa nao tu, mama."

"Nyathina, mtoto wangu, kwa hii nyumba hatukulangi mikoba. Tunakula samaki."

Wote walicheka. Nilikula samaki wa ngege na ugali mkoba ukiwa sakafuni chini ya kigoda changu, ubavuni mwa karai la samaki wabichi. Ukarimu ule wote ulinitia wasiwasi zaidi, maana sikuona una sababu gani. Nililalia mkoba kama mto, nikaamka na alama ya pini shavuni.

Alhamisi saa tatu kasorobo tulikuwa klinikini. Milango ilikuwa ya kijani, ua umefagiwa. Hakuna mwingine aliyefika. Labda barua isiyo na muhuri iliwaogopesha. Mwenye kliniki, Sista Dorka, alikuwa muuguzi mstaafu, viatu vyeupe, saa imebandikwa kifuani kichwa chini kama tulivyofundishwa sote.

"Vyeti baadaye," akasema. "Kwanza nione mikono."

Moyo wangu ulitulia kidogo, kwa maana kidonda nakijua. Kulikuwa na mzee aliyejikata mguuni kwa jembe, na mama mmoja mwenye jipu lililopasuliwa. Mimi nilipewa mzee, na niwe wa kwanza. Ukutani karibu na mlango palikuwa na msumari, na Atieno alikuwa amekwisha kutundika mkoba wake.

"Nipe nikushikie wako, sista," akanong'ona.

"Asante. Haunichoshi."

Nilivuta toroli ya vifaa vya vidonda. Niliipangusa kwa spiriti juu na chini, nikafungua pakiti ya vifaa safi bila kugusa ndani, nikamimina dawa kwenye kibakuli. Yote haya mkoba ukiwa kwapani. Kisha ikabidi ninawe, na kunawa kunataka mikono miwili. Msumari ulikuwa karibu na Atieno. Dirisha lilikuwa wazi. Nikauweka mkoba pembeni kabisa mwa toroli, mahali jicho langu linapoufikia, nikanawa hadi kwenye viwiko.

Kidonda nilikifunga vizuri, sijidai. Bendeji ililala bila kunyanzi, na mzee akanishukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano, daktari." Nilijiona nimeipata kazi.

Sista Dorka hakuitazama bendeji. "Hii mkoba imetoka wapi?"

"Kegonga, Sista."

"Ilikuja na nini?"

"Lori la tumbaku."

"Ikikaa wapi?"

Nikaanza kuelewa. "Sakafuni."

"Halafu?"

Alinifanya niitaje safari yote, kituo baada ya kituo, mbele ya mgonjwa: alama za mbuzi, mavumbi ya Migori, mafuta ya taa ya Rongo, karai la samaki. Sauti yangu ilikuwa inapungua.

"Na sasa iko wapi?"

"Juu ya toroli, Sista." Mzee alitazama mguu wake. Sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Atieno alifuata. Mikono yake haikuwa na wepesi wa kunizidi, lakini juu ya toroli yake hapakuwa na kitu kisichohusika. Kazi akapewa yeye. Alipoombwa cheti alitoa nakala iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Halisi ilienda na yule mtu wa koti la kahawia," akasema, macho chini. "Kila nikiona cheti cha mtu nasoma jina na namba. Natafuta changu."

Sista Dorka aliikunjua nakala akaisoma. "Niliandika halisi kwa sababu ya hao wenye majina ya kuazima. Wewe nitaandika Nairobi, waangalie rejista."

Kesho yake asubuhi Atieno alinisindikiza hadi stendi. Nilitaka kumwomba radhi, nikamshika tu mkono nikaushikilia.

Safari ya kurudi nilijaribu kuamini kwamba walipanga, kwamba mtu wa pale hupendelewa na mgeni wa Kuria kama mimi hufukuzwa. Nilishindwa kufika na wazo hilo hata Rongo. Mwanafunzi angefanya nilichofanya mbele yangu, ningemfukuza wodini mimi mwenyewe. Nililojifunza ni kwamba shaka yangu yote niliielekeza kwa watu, nisibakize hata kidogo kwa kitu nilichobeba mwenyewe, na kukishuku kitu ndiyo kazi niliyosomea.

Ijumaa jioni nilifika Kegonga. Mama alinipokea mlangoni, na kabla hajaniuliza habari za kazi aliuliza habari za cheti. Nilifungua pini tatu, nikakitoa. Hakikuwa hata na mkunjo.

"Kuna mtu aliyekigusa?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Hata mwenye kazi hakuomba kukiona."