Mwanamke Aliyechomoa Plagi

Mwanangu Rajabu anasema niliota. Sikuota. Ilikuwa saa tisa mchana, hapa hapa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, macho makavu, na ninayoyasema niliyaona.

Kwetu Tanga nguo za mtoto mchanga hazilali nje. Magharibi ikiingia, ziko ndani. Na majira ya baridi jua la hapa linakimbia mapema, nepi bado mbichi. Ndiyo Rajabu akanunua mashine ya kukaushia. Nilipotaka kuisafisha akasema, "Mama, usiiguse, utaiharibu." Mimi niliyelea watoto saba! Nikaiacha, lakini iliniuma.

Siku hiyo nguo za mjukuu wangu zilizunguka mara ya tatu na bado mbichi. Mwenyewe kalala, hatua tatu tu kutoka kwenye mashine. Nami nimeshawasha udi kwenye chetezo, nasubiri kuzifukiza. Nikasikia harufu ya moshi. Nikajua ni udi wangu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa.

Mara hodi getini. Mwanamke wa buibui, maji yanamchuruzika mwili mzima, na mvua hatujaiona tangu Mei. Kwa nini nilimfungulia? Mpaka leo sijui. Hakuamkia wala hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine akachomoa plagi.

"Pua ya mwanamke wa Tanga imekufia huku?" akaniuliza. "Huo si udi, mwenzangu. Mtoe mtoto."

Nikamnyakua mjukuu wangu mpaka uani. Nilipochungulia, yule mwanamke analivuta bomba la nyuma, la kutolea hewa ya moto. Likatoka vumbi la nguo, la kijivu, limeshikana, nene kama paka, upande mmoja limeshaungua. Akaweka kiganja kwenye bati la moto la mashine, mvuke ukafuka. Nikageuza uso nimfunike mtoto, kurudisha macho, hayupo. Geti limefungwa, ufunguo uko kifuani mwangu.

Rajabu aliporudi akatazama kamera ya getini. Unajua aliona nini? Mimi, nafungua, naikaribisha hewa ndani, nafunga. Akasema ni uzee. Na ile alama ya vidole vitano kwenye bati, kila asubuhi ina unyevu, nao ni uzee? Hiyo anasema ni kutu. Eish, huyu ndiye niliyemsomesha.

Sasa siombi ruhusa ya mtu. Kila nikimaliza kukausha nalitoa chujio, nalifuta vumbi lote la nguo. Kila mwezi nachomoa plagi, naiacha mashine ipoe, nalivuta bomba, nalisugua kwa brashi ndefu mpaka kwenye tundu la ukutani. Na siiwashi nikaenda kulala, wala nikatoka kwenda dukani.

Nawe mwenye mashine kama hiyo, ukiona nguo zinachelewa kukauka, usirudie kuzungusha. Zima, usafishe. Mimi alikuja mtu akanichomolea. Wewe usimngoje.