Mbu wa Nyumbani kwa Dada Yangu

Kazi yangu ni kufuga mbu. Nikisema hivyo harusini watu hucheka, kisha hunyamaza, kisha mmoja huuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayefuga mbu. Nafanya kazi Malindi, nyuma ya maabara ndogo, katika chumba kilichofungwa chenye joto na unyevu. Humo mna vizimba vya wavu vilivyopangwa kwenye rafu, na sauti yao haikomi.

Rafu ya kushoto ina mbu tunaowaita wa zamani. Wazazi wao wa mbali walikamatwa kabla neti za dawa hazijaenea nyumba kwa nyumba, na vizazi vyote vilivyofuata vimezaliwa humo humo. Ukiwagusisha dawa wanakufa wote, chali, miguu juu. Rafu ya kulia ni ya mbu wa leo, watokanao na viluwiluwi tunaochota kwenye madimbwi ya bara. Hao nao tunawagusisha dawa ile ile, kisha tunahesabu waliokufa. Kwa miaka mingi nilihesabu na kuandika, nikaenda zangu nyumbani, nikala, nikalala.

Dada yangu ameolewa upande wa Vitengeni. Binti yake wa kwanza alikuwa na miaka sita, hana meno mawili ya mbele, na aliniita mama mdogo. Neti aliyolalia niliipeleka mimi. Nilipoitundika aliingia ndani akasema sasa ni nyumba yake, na yeyote anayetaka kuingia lazima apige hodi. Hata mama yake, akija kumfunika shuka, alipiga hodi.

Masika yale, siku ya Ijumaa jioni, alisema kichwa kinamuuma. Jumamosi alipelekwa zahanati, akapewa dawa, akaitapika. Jumapili alfajiri alishikwa na degedege, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki katika wodi ya watoto. Nilifika nikamkuta ameshafunikwa. Dada alikuwa amekaa kando ya kitanda, kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

"Alilala ndani ya neti, mdogo wangu," aliniambia. "Kila siku. Niliichomeka mwenyewe chini ya godoro."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeniuliza njia.

Matangani niliketi mkekani na wanawake wengine. Bibi mmoja jirani alisema ni nyuni, ndege asiyeonekana apitaye juu ya nyumba akawatikisa watoto. Wengine waliitikia kwa kichwa. Kisha mjomba wetu, ambaye huhubiri katika kanisa dogo la pale, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwanangu, nisamehe. Watu wanasema mbu wa siku hizi hawafi kwa neti. Wamefundishwa. Na ninyi huko Malindi mnawafuga. Mnawafundisha nini?"

Nilihisi macho ya watu yamenishukia. Nilimtazama mama yangu nikitumai ataniokoa.

"Anauliza lililomo mioyoni mwa watu," mama alisema. "Mjibu."

"Shikamoo tena, mjomba," nilianza, maana sikujua pa kuanzia. "Hakuna aliyewafundisha. Mbu hafundishiki."

"Basi wamejuaje kwamba neti ina dawa?"

"Hawajui. Hata leo hawajui." Nilieleza kadiri nilivyoweza. Mbu hutaga mayai mengi mno, na katika watoto wake wengi hawakosekani waliotofautiana na wenzao, kama sisi tulivyotoka tumbo moja na kila mtu na pua yake. Mmoja huzaliwa na mwili unaoweza kuivunja sumu kidogo. Hakuomba, wala hakujitahidi. Pasipo na neti umbile hilo halimfai kitu. "Tulipotundika neti kila nyumba, wenzake walikufa. Yeye akabaki, akataga, na watoto wake wakarithi."

"Kwa hivyo huyo mbu alibadilika akawa sugu."

"La, mjomba. Huyo mbu alizaliwa hivyo na akafa hivyo. Kilichobadilika ni ukoo. Wale wa aina yake wamekuwa wengi, wale wa aina nyingine wamekwisha."

Alifikiri. "Haya ndiyo yale ya kwamba mtu alizaliwa na nyani."

"Kima wanaokuibia mahindi hawakunizaa," nilisema. "Mimi na binamu yangu aliyeketi pale tuna bibi mmoja. Sikuzaliwa na binamu huyo, wala kuzaliwa kwangu hakukumfanya yeye atoweke. Ndivyo isemwavyo kuhusu sisi na nyani, ila bibi huyo ni wa zamani sana."

Mtu alicheka kidogo, kisha akakumbuka tuko wapi.

"Na Mungu je?"

"Mungu simpimi, mjomba. Napima mbu."

"Hawa wa hapa umewapima?"

Nilikuwa nimepima mbu wa vijiji vingi, lakini wa nyumbani kwa dada yangu sikuwahi kuwagusa. Neti niliileta tu, nikaamini.

Watu walipotawanyika, asubuhi, nilichukua upawa na kopo nikaenda kwenye lambo wanakonywesha ng'ombe. Dada alinifuata, akanishikia kopo. Maji yalikuwa yamejaa katika alama za kwato, na viluwiluwi walikuwa wamelala juu ya maji, sambamba nayo, kama mabua membamba. Hivyo ndivyo walalavyo watoto wa mbu wa malaria. Katikati ya kwato palikuwa na alama ya mguu wa mtoto, sijui wa nani, na ndani yake walikuwamo wawili. Dada aliiona kabla yangu. Aliivuka kwa hatua ndefu, akanisubiri ng'ambo. Wale wawili sikuwachota.

Malindi niliwaweka kwenye sinia la maji safi, nikawanyunyizia chakula cha samaki. Baada ya siku chache walikuwa mbu kamili, wamekaa ukutani mwa kizimba makalio juu, kama desturi yao. Kwenye kizimba niliandika jina la kijiji tu, kama vingine vyote. Lakini kila nilipoingia chumbani nilikijua bila kusoma. Nilisikia sauti yake peke yake kati ya sauti zote, jambo ambalo haliwezekani, kwa kuwa mbu wote wa aina ile huimba namna moja. Nyumbani nako nilianza kuwasikia pasipo na mbu. Nilikuwa nikiinua kichwa sahani ikiwa mkononi, na mume wangu ananiuliza, "Umeitwa?"

Mbu jike hawezi kutaga bila damu, nasi huwalisha kwa sungura. Siku moja, mwenzangu akiwa ameenda kula, niliingiza mkono wangu kizimbani. Hawakuwa na ugonjwa. Malaria haipiti ndani ya yai, na hawa walikuwa hawajamuuma mtu yeyote. Nilijua hilo. Nilitaka kujua alihisi nini yule mtoto. Walitua mmoja mmoja, wakainamisha vichwa, matumbo yakawa mekundu. Karibu sikuhisi kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimengojea maumivu.

Mwenzangu, mzee aliyenifunza kazi, aliuona mkono wangu umevimba. Hakugomba. Alikata ndimu akanisugua taratibu, kisha akasema, "Usirudie, mama."

Siku ya kipimo niliwatia mbu wa zamani katika mrija mmoja wenye karatasi ya dawa, na wa nyumbani kwa dada katika mrija wa pili. Wanakaa saa moja, kisha wanahamishiwa mrija safi hadi kesho yake. Wa zamani walianza kuanguka mapema. Wa dada walisimama juu ya sumu wakijipangusa miguu, kama watu wanaongoja wageni. Kesho yake wa zamani wote walikuwa chali. Wa dada, zaidi ya nusu walikuwa hai. Niliandika. Kalamu ilikwama kwenye karatasi, nikaandika tena.

Nilirudi Vitengeni kumwambia. Dada alikuwa uani akipukuchua mahindi, mtoto wake wa pili, wa kiume, amelala mgongoni. Nilichukua gunzi nikapukuchua naye huku nikisema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo tuliwachagua sisi," alisema. "Kwa kuwaua wale wengine."

"Ndiyo. Bila kukusudia. Na kabla ya hapo neti ziliokoa watoto wengi, Dada. Hilo pia ni kweli."

"Na hii homa, iko tangu lini?"

"Tangu kabla ya mababu wa mababu."

"Basi nasi imetuchagua hivyo hivyo." Hakuinua macho kwenye mahindi. "Tuliopo ni wazao wa waliobaki."

Sikutegemea afike huko peke yake. Nilimwambia ndiyo, wapo watu wa pwani waliozaliwa na damu ambayo malaria inashindwa kuizoea vizuri, na ni kwa sababu hiyo. Nilipotamka tu, nilijua swali linalokuja.

"Basi wangu alikuwa dhaifu?"

"La."

"Ndivyo ulivyosema. Asiyefaa hufa."

"Sikusema hivyo." Niliweka gunzi chini. "Haya mambo hayana macho, Dada. Hayamtazami mtoto yakasema huyu anafaa, huyu hafai. Pengine siku ile angeumwa na mbu mwingine, asiye na ugonjwa. Pengine aliumwa jioni akicheza nje, na neti haikuhusika kabisa. Sijui. Hakuna hukumu humo. Hakukosa chochote, na wewe hukukosa."

Mtoto mgongoni aliamka, dada akamtikisa mpaka akalala tena.

"Ingekuwa afadhali nyuni," alisema. "Kwa nyuni una wa kumlalamikia."

Mwaka uliofuata zilikuja neti za aina mpya, zenye dawa ya pili inayomzuia mbu kuivunja ile ya kwanza. Tulikuwa tumezipima, na mbu wa nyumbani kwa dada walikufa kwazo wengi sana. Nilimpelekea. Aliishika akaigeuza.

"Hii itafanya kazi hadi lini?"

"Miaka kadhaa. Sijui. Ndiyo maana hatuachi kupima."

Aliitundika juu ya kitanda cha mwanawe bila kuniambia nimsaidie. Mjomba pia aliomba moja, akainama kidogo alipoipokea, na la kufundisha mbu hakulitaja tena.

Kisha siku moja, mwanawe akiwa karibu kuanza shule, dada alikuja Malindi, kwa shughuli za sokoni, alisema, na akaniomba aone chumba. Nilimvisha koti jeupe, nikamwongoza mpaka kwenye rafu ya kulia.

"Ndio hawa?"

"Wajukuu wa vitukuu vyao, na zaidi. Wale tuliowachota walikufa zamani. Wanaishi majuma machache tu."

"Wadogo hivi," alisema.

Alisogeza uso karibu na wavu, akapumua. Mbu wanavutwa na pumzi ya mtu. Wote waliokuwa ukutani waliinuka kwa pamoja wakamjia, wakajazana mbele ya mdomo wake, vinywa vyao vikichungulia katika matundu. Nilinyosha mkono nimvute nyuma. Alinizuia. Akapumua tena, polepole, nao wakazidi kuja. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sikusikia alichowaambia, kwa ile sauti yao, na mpaka leo sijamuuliza.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Aliniomba maji, akayanywa yote amesimama, kisha tukaenda sokoni kumtafutia mwanawe viatu vya shule.