Usingizi wa Jirani Yangu wa Cherehani

Tulikuwa mafundi wawili kwenye veranda ya duka la Muhindi mmoja Eldoret, mji ambao wazee walikuwa bado wanauita Sisibo. Mimi nilikaa upande wa barabara, nikila vumbi la magari ya ng'ombe. Mwenzangu, mtu wa Sugoi, alikaa ndani kidogo, karibu na meza ya kukatia nguo. Kila siku baada ya viazi vya mchana alitoa ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani yake, akauvaa shingoni, akaingia chini ya meza, akalala kwenye mkeka. Mkanda ukitoka, fundi hayupo, hata kama miguu yake inaonekana. Hiyo ilikuwa desturi yetu sisi wa cherehani, na hakuna mteja aliyethubutu kumwamsha.

Kulala kwake hakukunisumbua. Kilichoniuma ni kuamka kwake. Alitoka chini ya meza na alama za mkeka shavuni, akapiga miayo, kisha akasema kitu ambacho mimi nilikuwa nakitafuta tangu asubuhi. Mara koti la karani lililopauka lifumuliwe lote, ligeuzwe ndani nje, litakuwa jipya. Mara kola ikatwe kwa mshazari, ndipo italala. Mimi nilipima kila kitu mara mbili, macho wazi, na sifa zikaenda kwa aliyekuwa anakoroma. "Yule fundi ana kichwa," wateja walisema, wakipita mbele ya kichwa changu.

Wakati wa vile vita vya pili vya dunia nguo zikawa adimu, na mwenye duka akataka nusu ya veranda aweke masanduku ya sabuni. Alituambia bila kupaza sauti kwamba atabaki fundi mmoja. Nje ya veranda ile kulikuwa na mvua na matope, na cherehani haishoni matopeni. Sikulala vizuri wiki ile, jambo ambalo jirani yangu hakulijua kwa sababu yeye alilala.

Ndipo akaja Mama mmoja, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani, na jora la kitambaa alilolipata kwa shida. Alitaka magauni ya kwaya nzima. Mwenye duka akalitazama lile jora, akatutazama sisi, akaona njia ya kumaliza shauri lake. "Atakayeyatoa magauni yote humu bila kuomba kitambaa kingine, ndiye atabaki."

Nilitandaza, nikachora kwa chaki. Magauni mawili yalikosa kitambaa. Nikafuta, nikachora upya, yakakosa yale yale mawili. Kama ungepanga vipande kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, upana wa pindo ukae kando ya wembamba wa bega, vingetosha. Lakini kitambaa kilikuwa na maua yenye mabua, yote yakitazama juu. Ukigeuza kipande, maua yanasimama kwa vichwa. Mama alikuwa ameshasema hataki kuimba akiwa kama shamba lililong'olewa.

Mchana ulipofika nikamwendea jirani.

"Ndugu, niachie chini ya meza leo."

"Ya nini?"

"Mgongo unauma."

"Jana mgongo ulikuwa mzima. Utanipa nini?"

"Kiazi kimoja."

"Viwili. Na kile kikubwa kiwemo."

Tulimalizana kwa kimoja na nusu, nusu nikiikata mwenyewe. Nikatoa mkanda wangu, nikauvaa shingoni kama yeye, nikajilaza kwenye mkeka wake. Nilingoja wazo kama mtu anayengoja lori la Turbo. Nikahesabu mbao za meza kwa chini, nikazihesabu tena. Nikapima kwa macho nafasi iliyokuwa kati ya miguu ya meza na ukuta. Kisha nikafumba macho kidogo, kupumzisha hesabu tu. Nilipoyafumbua, mvua ilikuwa inapiga mabati, na sikuwa nimeisikia ikianza.

Mama alikuwa amesharudi. Jirani yangu alikuwa kwenye kigoda changu, ndani ya vumbi langu, paji la uso juu ya cherehani yangu, amelala. Akaamka, akapiga miayo.

"Vipande vya mbele tukate maua yakiwa yamesimama," akasema. "Vya mgongoni tuvigeuze. Vitaingiliana."

"Mgongoni maua yatembee kwa vichwa?" Mama akauliza.

"Mama, kanisani watu si wanawaona kwa mbele?"

"Na wakati wa kutoka?"

"Mtoke wa mwisho."

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikachukua chaki nikapanga vile alivyosema, nikiomba vikose. Vilitosha. Nikapima tena. Vilitosha, na kitambaa cha leso kikabaki.

Mwenye duka akanigeukia kwa ule upole wa mtu anayetaka kukufukuza. Kabla hajafungua mdomo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Bwana, masanduku ya sabuni yanaingia chini ya meza. Hapo hakuna mtu anayefanya kazi."

Alichutama, akatazama. Akaleta sanduku moja akalijaribu, likaingia kama limepimiwa. "Kumbe," akasema. Tukabaki wawili.

Jirani yangu alitazama mkeka wake ukitolewa.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimepiga hesabu."

"Hesabu ya kukoroma?"

"Sikulala."

"Una mkeka shavuni."

Nikapangusa shavu. Sikumwonea huruma. Nilitaka kuona sasa atapata akili wapi, akiwa macho kama sisi wengine.

Kesho yake alikula viazi, akatoa mkanda, akatandika mkeka juu ya meza, juu ya sabuni yote ya Muhindi, akalala mahali pakavu zaidi kuliko zamani. Mimi nilikuwa nashona migongo ya kwaya, maua yakiwa yamesimama kwa vichwa, alipofika karani mmoja na koti mkononi.

"Yule fundi mwenye kichwa yuko wapi?"

Nilitaka kusema ameacha kazi. Nikamwonyesha meza kwa ncha ya mkasi.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Yuko kazini."