Kinyozi Asiye na Upande

Mume wangu amenyoa vichwa kwa miaka ishirini na sita na hajawahi kubishana na hata kimoja. Mteja akikaa kitini na kusema jua linachomoza magharibi, mume wangu atajibu, "Ndiyo maana asubuhi huku kuna baridi." Watu wanamwita Fundi na wanasema ana hekima. Mimi ninayeishi naye najua si hekima. Ni woga uliovaa koti jeupe.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwambia mteja mmoja kwamba timu yake ilifungwa kihalali. Yule bwana aliinuka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, akatembea mtaa mzima akiwaonyesha watu alivyofanyiwa, na kwa miezi miwili hakuna aliyeingia pale ila inzi. Tangu hapo mume wangu alifunga maoni yake kwenye droo moja na viwembe vya akiba, na ufunguo sijui aliutupa wapi.

Chumba chake kiko kati ya duka la magodoro na ofisi ya kufundisha udereva. Kuna kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, mashine mbili, moja ikiwa ya maonyesho tu, na benchi ambalo halijawahi kukaliwa na mtu aliyenyamaza. Mwenye duka la magodoro ni mtu mkubwa katika chama kilicholeta sheria ya kitambulisho. Mwalimu wa udereva ni mtu mkubwa katika chama kilichoipinga. Wa kwanza akiwa kitini, mume wangu anakubali kwamba nchi imejaa wezi wa kura. Wa pili akiwa kitini, anakubali kwamba hakuna mwizi hata mmoja, ni hila tu za kuwafungia maskini nje. Shingo ni tofauti, ndiyo ni ile ile.

Sheria yenyewe naweza kuieleza kwa pumzi moja. Uso wa mpiga kura lazima ufanane na picha ya kwenye kadi. Wakala wa chama chochote akiona haufanani anaweka pingamizi, na mwenye uso anarudi nyumbani, isipokuwa mpiga kura mwingine wa kituo hicho, asiye ndugu yake, atie sahihi kwamba anamjua. Walioileta walijiita Wenye Sheria. Walipoombwa redioni wamtaje mwizi mmoja tu, wakamtaja jirani wa shemeji wa mtu fulani. Waliopinga walijiita Wenye Haki, wakaandamana, wakalia mbele ya kamera. Kisha mwenzao mmoja akakaa na daftari, akagundua kwamba wengi wa wazee watakaokwama ni wapiga kura wa upande wa pili. Wiki hiyo hiyo machozi yakakauka. Na hawa ndio wanaotuomba tuwakabidhi nchi.

Kwa kinyozi ilikuwa neema. Picha zetu zilipigwa miaka tisa iliyopita, na miaka tisa inamtosha mtu kugeuka. Wiki mbili kabla ya uchaguzi wanaume walifurika wakiwa na kadi mkononi. "Fundi, nirudishe hapa," walisema, kidole kwenye picha. Mume wangu alichomeka kadi kwenye fremu ya kioo akaanza kazi. Waliofuga ndevu walinyolewa, na waliokuwa nazo zamani walikuja kuulizia. Mpishi mmoja wa hoteli, ambaye kwenye picha ana nywele tele na sasa ana kipara kinachong'aa, alitaka kujua kama kuna namna. Mume wangu akampaka rangi nyeusi kwa mswaki mpaka kichwa kikawa kama kofia ya mpira. Mpishi akajitazama kushoto na kulia. "Angalau watasita," akasema.

Nilikuwa nimeleta chai, nikacheka mpaka nikajishika mbavu, na haikuwa furaha. Watu wazima wenye wake na wajukuu walipanga foleni ili wafanane na wao wenyewe, na hakuna aliyekasirika. Walishukuru na kwenda zao.

Nyumbani kulikuwa na uso ambao hakuna mashine ingeweza kuurudisha. Mama mkwe wangu alishona sare za shule maisha yake yote. Kwenye kadi ni mwanamke mwenye mashavu yaliyojaa na nywele zilizosukwa kwenda nyuma. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akitibiwa hospitali, na dawa ilikuwa imechukua nywele, nyusi, na nusu ya uzito wake. Mimi na yeye hatujawahi kuiva chungu kimoja. Hata kutoka kitandani alikuwa akinikosoa ninavyokunja shuka. Lakini kwa jambo moja namvulia kofia. Alikuwa hajawahi kukosa uchaguzi, wala kumwambia mtu kura yake. Baba mkwe aliingia kaburini bila kujua.

"Mkwe wangu," aliniambia siku moja nikimgeuzia mto, "daktari hahesabu tena kwa miaka. Anahesabu kwa miezi. Hii kura nitaipiga."

Mume wangu, kwa akili zake, akaleta wigi. Mama akalishika kwa vidole viwili.

"Nywele za nani hizi?"

"Za dukani, mama."

"Basi zikapige kura zenyewe."

Siku ya kura tulifika mapema kwenye darasa lililofanywa kituo, mama katikati, sisi tumemshika huku na huku. Karani, binti mwenye miwani na sauti ya upole, alimwomba avue kilemba. Mama alikivua mwenyewe, akakikunja mara nne, akasimama wima. Kwenye meza ya mawakala walikaa jirani zetu wawili, mwenye magodoro na mwalimu wa udereva, wote wakiwa na vichogo safi vya kazi ya mume wangu. Wakaitazama kadi. Wakamtazama mama.

"Siye," akasema mwenye magodoro.

"Hata mimi naona siye," akasema mwalimu.

Karani akaandika pingamizi mbili kwenye fomu moja. Alisema tangu kituo kifunguliwe ndilo jambo la kwanza wale mabwana kukubaliana.

Wote wawili walimjua vizuri. Mwalimu wa udereva alivaa kaptura iliyoshonwa na mama huyu darasa la kwanza, na watoto wa mwenye magodoro wamemalizia shule kwenye sare zake. Lakini baadaye walinieleza bila haya, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba mtu anayekukubalia haraka kama mume wangu lazima ni wa wale wengine. Nyumba yetu ilikuwa imeshahesabiwa mara mbili, na kila mara upande wa maadui.

"Kuna mpiga kura asiye ndugu anayeweza kumtambua?" karani akauliza.

Mimi mkwe sikufaa, mwana naye hakufaa. Mume wangu akaigeukia foleni. Nusu yao alikuwa amewarudishia nyuso wiki zile mbili. Mpishi alikuwa wa tatu, rangi imeanza kumchuruzika nyuma ya sikio.

"Jamani, mama mnamjua," mume wangu akasema.

Mpishi akatazama dari. Wa nyuma yake akagundua kwamba kamba ya kiatu imelegea, akainama kuifunga kwa bidii kubwa. Kila mmoja aliogopa kwamba akisogea, zamu yake ikifika atatazamwa kwa makini zaidi. Niliwadharau wote kuanzia wa kwanza mpaka aliyekuwa mlangoni, na nikiwakumbuka leo bado nawadharau.

Mume wangu akarudi mezani, akainama kumsihi mwenye magodoro. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia kila neno.

"Fundi, niambie ukweli tu," mwenye magodoro akanong'ona. "Mama ni wetu?"

Mume wangu akasogeza mdomo sikioni pake. "Ni wenu."

Akazunguka meza. Mwalimu wa udereva naye akauliza lile lile, kwa sauti ile ile ya chini.

"Ni wenu, mwalimu. Tangu zamani."

Macho ya mabwana wale yakapona papo hapo. "Sasa nikimtazama vizuri," akasema mwenye magodoro kwa sauti ya kusikika, "hata pua ni ile ile." Mwalimu akasema masikio pia. Karani akafuta pingamizi zote mbili, akampa mama karatasi ya kura na kumwonyesha kibanda.

Mume wangu akanigeukia kama mtu aliyeshinda. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilifurahi kisha nikaona aibu kwa kufurahi.

Mama akaanza kwenda kibandani polepole. Alipopita mbele ya mwenye magodoro, yule bwana akasema chini chini, "Karibu, mama yetu." Hatua mbili mbele mwalimu wa udereva naye akamwinamia. "Tuko pamoja, mama."

Mama akasimama. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, halafu akamtazama mwanawe.

"Umewaambia nini hawa?"

Mtu mwenye jibu kwa kila kichwa akatafuta la kichwa hiki. "Nimewaambia wewe ni mama yangu."

"Hilo hawakuliuliza."

Akarudi kwenye meza ya karani, akaiweka karatasi bila alama yoyote na kuinyoosha ncha kwa kidole gumba.

"Chukua, mwanangu. Mmemruhusu mwanamke wa mabwana hawa wawili, na mimi simjui. Mimi mlinikataa. Andika hivyo."

"Mama, ukirudisha hupewi nyingine," karani akasema, na macho yalikuwa yamemlowa.

"Najua."

Hata hatujafika mlangoni, mawakala walikuwa wameshaanza kugombana ni kura ya nani iliyopotea. Kila mmoja alidai ni yake, na kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kumtisha mgonjwa.

Nje mama alikifunga kilemba chake bila kioo, akashika mkono wangu. Mkono wa mwanawe aliuacha ukining'inia. Mume wangu alitufuata hatua moja nyuma, akisema hili na lile, mpaka akafikia neno ambalo nadhani aliliona la faraja.

"Mama, usijiumize moyo. Ni kura moja tu."

Mama hakugeuka.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nimebakiwa na hiyo moja."