Nilitumwa Tanga na kamera ya mkanda, nikapige picha nyumba inayovunjwa

Wakuu, habari za humu ndani.

Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana. Chumvi sijaongeza. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo na wajukuu zao wanasoma humu, ila mengine yote ndivyo yalivyotokea.

Mimi ni mtu wa Tunduma. Nimezaliwa Vwawa, kazi ndiyo imenileta mpakani. Nipo kwenye ofisi ya clearing, zile kazi za kukimbizana na makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Ukikaa kwenye kazi hii unaota tabia mbili. Ya kwanza, unaongea na simu hata ukiwa unakula. Ya pili nitaisema mbele, maana ndiyo iliyoniponza.

Jirani na ofisi yetu kuna duka la Mzee Hamza. Anauza maturubai na kamba za kufungia mizigo. Kwao ni Tanga, alikuja huku kijana na hajaondoka. Mkewe, Mama Asha, ni Mnamwanga wa Ndalambo. Madereva wa Zambia wanamwita bashikulu, yaani babu, na yeye anawajibu kwa Kibemba chenye lafudhi ya Tanga mpaka wenyewe wanacheka.

Kabla ya maturubai, Mzee alikuwa mpiga picha. Watu wazima wengi wa Tunduma, picha zao za ujana alizipiga yeye. Kamera yake bado anayo, ile ya mkanda, nzito kama tofali, inakaa kwenye mfuko wa khanga ulioshonwa kwa mkono.

Sasa ofisi ikanipanga niende Tanga kufuatilia mzigo wa mteja uliokwama bandarini. Nikapita kwa Mzee kumuaga, nikamtania kwamba naenda kwao kummalizia samaki.

Hakucheka.

Akaniambia dada yake mkubwa, Bi Mwanaidi, bado anaishi kwenye nyumba ya marehemu baba yao pale Ngamiani. Kwenye uzao wao wamebaki hao wawili tu. Watoto wa dada yake wamekubaliana ile nyumba ya udongo ivunjwe, wajenge vyumba vya kupangisha. Mafundi wanaanza mwisho wa mwezi.

Na yeye Mzee nyonga imemchakaa. Kukaa kwenye basi hata mpaka Mbeya hawezi, sembuse Tanga.

"Nenda ukanipigie nyumba," akasema. "Na dada. Basi, sikutumi kingine."

Nikamwambia, mzee hilo dogo, simu yangu kamera yake ni kali. Akatikisa kichwa.

"Picha ya simu naigusa inakimbia. Na macho yenyewe ndiyo haya. Nataka picha ya kushika, niilete mpaka hapa puani."

Akanikabidhi kamera, akatoa na mkanda. Mmoja tu, mjukuu wake aliuhangaikia Dar. Picha thelathini na sita, nyeusi na nyeupe.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi, niwaeleweshe kidogo. Mkanda unakaa gizani ndani ya kamera. Kila ukipiga, unavuta, na kile kipande kilichopigwa kinajiviringisha upande wa pili. Huoni kitu mpaka ukasafishwe. Ukimaliza unaurudisha wote kwenye kibweta chake, ndipo unafungua. Ukifungua mgongo wa kamera kabla ya hapo, mwanga unaingia na picha zinaungua.

Kuurudisha, Mzee alisema atafanya mwenyewe. Mimi nisiguse.

Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Ukifika, anza nyumbani. Ukishasalimu, zurura utakavyo."

Nikaitikia ndiyo mzee. Mnajua vile tunavyowaitikia wazee.

Picha nne za kwanza aliniruhusu nijifunzie hapa hapa Tunduma. Ya kwanza nikampiga yeye mlangoni mwa duka, kabuti la baridi, kofia, na ndevu zimeshuka mpaka kifuani. Ya pili Mama Asha anapepeta maharage nyuma ya duka. Akasema "ngoja basi nivae kitenge kizuri," mimi nimeshabonyeza. Alininunia mpaka jioni.

Ya tatu foleni ya malori. Ya nne nikataka kuwapiga wabadilisha fedha, wakageuka wote kwa pamoja utadhani walifanya mazoezi. Nikapata migongo. Geti la mpaka sikulisogelea kabisa, picha pale ni kesi, wenzangu wa mipakani mnaelewa.

Nikapanda basi.

Tanga nimefika mchana, jua la utosi, na mimi nimevaa sweta la Tunduma. Nikajiangalia, nimelowa jasho na mikono mitupu. Nikasema siwezi kwenda kwa watu wazima hivi. Nitaenda kesho nikiwa nimetulia na kilo mbili za sukari.

Kesho ilipofika nikaenda bandarini kwanza. Wakaniambia subiri. Nikatoka na kamera shingoni, nikasema nipige raundi kidogo tu.

Wakuu, ule mji ulinilevya.

Huku kwetu barabara ni moja kubwa na kila mtu anaelekea mahali. Tanga watu wako barabarani kama wako sebuleni kwao. Baiskeli kila kona, mzee na kanzu yake juu ya baiskeli, mama amepakia mtoto na ndoo. Majengo ya zamani yamebanduka rangi, juu yana vibaraza vya mbao, chini mtu anashona nguo. Ngamiani barabara zimepewa namba, ukipotea unahesabu tu unarudi.

Na kamera ya mkanda inakutembeza vingine. Simu ningepiga mia mbili bila kuangalia hata moja. Hii unajua zina mwisho, kwa hiyo unasimama. Unamwangalia muuza kahawa mpaka unajua anamimina kwa mkono gani. Unasubiri baiskeli ifike pale kwenye kivuli. Nilisimama mbele ya mama mmoja anakaanga samaki mpaka akaniuliza kama nina deni naye.

Jamaa mmoja wa baiskeli alikubali kupigwa, akakaa mkao. Nilipomaliza akasema, "Haya, nionyeshe." Nikamwambia haionekani mpaka isafishwe. Akaniangalia, akaangalia kamera. "Basi kaka hujapiga," akapanda baiskeli yake akaenda.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nyumba ya Bi Mwanaidi niliiacha mwisho kwa makusudi. Kila nikikumbuka nilijiambia nimeshauzoea mkono, nikifika pale nitapiga vizuri zaidi. Niliweka kitamu mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Mzigo ulipotoka nilikuwa na picha saba zimebaki. Nikanunua sukari, nikaenda.

Nyumba ilikuwa ya udongo kweli, bati limepata kutu, mlango wa kijani na baraza mbili, moja kila upande wa mlango. Mbele mti wa mkungu. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye baraza ya kulia anasuka ukili wa mkeka. Mdogo wa mwili, miwani imefungwa na uzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi?"

"Tunduma bibi, kwa Mzee Hamza."

Akaacha ukili. Hakuuliza mimi ni nani. Alinyoosha mkono akashika ule mfuko wa kamera, akaupapasa pindo.

"Huu nimeushona mimi," akasema. "Siku anaondoka. Khanga yangu hii."

Nikawahi kutoa simu nimpige pale pale, akajifunika uso. "Hiyo hapana. Picha ya simu yaenda mpaka kwa wasiokujua. Nipige na ya ndugu yangu."

Kwa hiyo kabla hamjaniuliza kwenye comments, jibu ndilo hilo. Simu yangu ina picha za sahani za wali na mimi mwenyewe nimesimama ufukweni Raskazoni. Ya ile nyumba haina hata moja. Nilikuwa na kamera yenye heshima zake, simu niliiona ya nini.

Picha ya kwanza akataka apigwe ameushika mfuko mapajani. Kisha mlango. Kisha baraza ya kushoto, aliyokuwa anakaa baba yao. Kisha chumba walichozaliwa, dirisha moja. Kisha mkungu. Kisha yeye amesimama mlangoni. Ya mwisho ananiaga.

Akanikalisha chini kula. Nikamuuliza kama ana neno la kumpelekea Mzee.

"Mwambie na mimi sijapata kuona akaapo," akasema. "Miaka yote nasikia Tunduma, Tunduma. Sijui hata mlango wake ukoje."

Nikaondoka nimefurahi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Sasa ile tabia ya pili.

Mtu anayefanya kazi mpakani amezoea kukaguliwa. Neno "fungua" tunalisikia kuliko majina yetu. Ikafika mahali hatusubiri hata kuambiwa. Ukiona mtu mwenye sare anakodolea kitu chako, mkono wenyewe unafungua. Boneti, boksi, begi, mpaka hotpoti ya chakula. Ukichelewa kufungua unaonekana una jambo.

Tumeshaingia mkoa wetu, basi likasimamishwa kwenye kizuizi. Tukashuka na mabegi. Askari kijana tu, mpole, akafika kwangu akaona kamera.

"Hii nini?"

Mtu wa Mbeya angejibu kamera. Mtu wa Tanga angejibu kamera na kutoa salamu. Mimi nilivuta kifundo cha juu ya kamera, mgongo ukafunguka pwaa, nikamwinamishia aone ndani.

Jua la saa nane mchana.

Askari alinishangaa. "Mimi nimeuliza tu kaka," akasema.

Niliufunga haraka. Lakini nilikuwa nimeuona mkanda kwa macho yangu, na ukiuona mkanda ujue umeshakwisha. Nilirudi kwenye siti nikakaa kama mtu aliyetoka kuzika. Niliwaza nyumba ile, chumba kile, na mafundi wanaokuja na nyundo. Wakuu, nililia. Abiria wa pembeni akanipa pole, alidhani nimepokea simu ya msiba.

Nikampigia mtoto wa Bi Mwanaidi nikiwa ndani ya basi. Nikamwomba hata kwa simu, apige tu nyumba. Akanijibu mafundi walipata nafasi wakawahi, mlango umeshang'olewa na ukuta wa mbele uko chini. Bi Mwanaidi wamemhamishia nyumba ya jirani.

Tunduma nilishuka nikaenda moja kwa moja dukani. Sikutaka kulala nalo. Nikamwambia Mzee yote, mpaka jibu la askari.

Mama Asha akaingia ndani.

Mzee akaniuliza swali moja: "Ulianza nyumbani?"

Nikasema hapana mzee, nyumbani nilimalizia.

Akafumba macho. Akanieleza taratibu, bila kelele, na heri angenipigia kelele. Picha za mwanzo zinajiviringisha ndani kabisa, za mwisho zinakaa juu. Mwanga unaanza kula za juu. Ningeanza nyumbani, nyumba ingekuwa ndani, imekumbatiwa na picha nyingine zote. Baiskeli zangu ndizo zingeungua.

Mkanda tukautuma Dar kwa mtu anayesafisha. Bahasha iliporudi, Mzee akanisubiri ndipo akafungua.

Tunduma ilitoka yote, safi. Yeye na ndevu zake, Mama Asha na ungo, malori, migongo ya wabadilisha fedha. Tanga ya mitaani ikatoka pia. Muuza kahawa yupo. Jamaa wa baiskeli yupo, na nilikuwa nimempiga, kama anasoma humu ajue.

Nyumba hakuna. Karatasi nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Isipokuwa moja. Ile ya kwanza pale barazani, ilikuwa mpakani mwa zilizoungua na zilizopona. Juu kote nyeupe, uso wa Bi Mwanaidi haupo, nyumba haipo. Chini imebaki mikono miwili imeshika mfuko wa khanga.

Mzee aliileta mpaka puani kama alivyosema. Alikaa nayo muda.

"Mikono ni yake," akasema. Akaiweka mfuko wa kabuti, upande wa ndani.

Halafu nikamfikishia ule ujumbe wa dada yake, ambao kwa aibu nilikuwa sijausema, kwamba na yeye hajapata kuona anapoishi mdogo wake. Mzee akazichukua zile picha za Tunduma, akazipanga kwenye meza, akaniambia, "Kumbe zake ndizo zilizopona. Mpelekee."

Nikazituma na basi siku hiyo hiyo.

Bi Mwanaidi alipozipata akapiga simu, Mzee akaweka sauti kubwa tusikie wote. Alisema mke ni mzuri. Alisema duka ni kubwa kuliko alivyodhani. Kisha akasema, "Hamza, hizo ndevu ni za nini? Utadhani baba. Zipunguze."

Juzi nimepita dukani. Mzee amepunguza ndevu.

Funzo langu ni fupi. Ukitumwa na mtu mzima, anza na ulichotumwa. Ukizurura kwanza, hujui kipi kitakuwa juu mwanga ukiingia.

Mnakaribishwa kunisema, nastahili. Ila nina ombi kwa watu wa Ngamiani. Mlango wa kijani, baraza mbili, mkungu mbele. Pengine kuna harusi ya bibi yenu ilipita pale, au shangazi aliwahi kupigwa picha amesimama chini ya ule mkungu, na nyuma yake nyumba inaonekana hata kidogo.

Tazameni kwenye albamu za nyumbani kwenu. Mkiiona niandikieni hapa, nauli ya kuifuata ninayo. Na safari hii nitaanzia kwenu, sitapita popote kwanza.